Nilipomsemea Kijana Wangu

Mama yake alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma. Kabla ya uhuru, mzazi akimtafutia mwanawe mutiiri, yaani yule kijana mkubwa atakayesimama nyuma yake siku ya kutahiriwa na kumtunza hadi apone, alitafuta mtu jasiri, au mtu wa ukoo wenye mifugo. Baada ya uhuru akina mama wa upande wetu wa Mukurweini wakaanza kutafuta watu waliofika kidato cha nne. Nadhani waliamini kisomo kinaambukiza kama surua. Alama zangu zilikuwa za kawaida tu, lakini nilivaa soksi, na kijijini hilo lilitosha. Mama huyo, mjane na jirani yetu, alikuja kwa mama yangu na kikapu cha viazi vikuu, wakazungumza jikoni, na jambo likaamuliwa kabla mimi sijaulizwa.

Kutahiriwa kwenyewe kulifanyika zahanati, kama ilivyokuwa imeanza kuwa kawaida. Kibanda cha kumtunzia, hata hivyo, kilijengwa nyumbani kwao, nami nikakaa humo naye mpaka akapona. Nilimfundisha yale niliyofundishwa: asilalamike mbele ya watu, asikae tena jikoni kwa mama yake, awaheshimu wazee, ajenge, aoe. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye kicheko cha chini kwa chini kilichomtoka puani, na aliuliza maswali machache ambayo kila moja lilinifanya nifikiri kabla ya kujibu.

Tangu hapo alikuwa kijana wangu. Kwetu kazi ya mutiiri haiishi kidonda kikipona. Kijana akiharibu, mutiiri ndiye anayeulizwa. Akivunja ua wa mtu au akimtukana mzee, mutiiri husimama mbele ya watu na kusema kosa ni langu mimi, sikumfundisha sawasawa. Kisha hutoa kondoo dume. Kondoo akichinjwa na watu wakila pamoja, jambo limekwisha, na ni aibu kwa mtu yeyote kulitaja tena. Niliyaona hayo tangu utotoni, yakafanya kazi kila mara. Niliamini ndivyo mambo yalivyo kila mahali.

Mapema katika miaka ya sabini nilipata kazi ya kufundisha katika shule ya sekondari ya harambee si mbali na Gakindu. Sikuwa na cheti cha ualimu. Shule yenyewe ilikuwa changa, kuta za mbao, mabati yaliyolia mvua ikinyesha hadi tunaacha kufundisha na kungoja. Wazazi waliijenga kwa mbao walizobeba wenyewe na kwa fedha ya kahawa. Nilifundisha historia na dini, na Kiswahili mwalimu wa Kiswahili asipokuja. Kijana wangu alikuwa mwanafunzi hapo, na alipofika kidato cha nne alikuwa ndiye bora kuliko wote. Mwalimu mkuu alikuwa akisema wazi kwamba huyu ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza wa shule yetu kwenda kidato cha tano. Alisema hivyo kwa wazazi, kwa mkaguzi, hata kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Nyeri tulikonunua sare, ambaye hakuwa ameuliza.

Watu wa siku hizi wakisikia kidato cha nne hufikiria watoto. Wakati ule wengi wao walikuwa watu wazima waliochelewa kuanza shule kwa sababu ya ile miaka ya imajensi, mkoloni alipotuweka katika vijiji vya lazima, na umaskini uliofuata. Kijana wangu alikuwa amevuka miaka kumi na tisa. Wengine darasani walikuwa wakinyoa ndevu.

Siku moja katika somo la dini tulifika kwenye sura ya familia. Kitabu kilikuwa na picha ya baba, mama, watoto na mbwa. Nilisoma, nikaeleza, nikauliza kama kuna swali. Kijana wangu akainua mkono. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia basi la Karatina, kama kitabu kinasema lolote kuhusu mwanamume ambaye hatamani mke, si kwa uvivu wala kwa umaskini, ila hatamani tu.

Nilijua ananiuliza kweli. Mwalimu hujua swali la kumjaribu na swali la mtu anayetaka jibu. Lakini vichwa vilikuwa vimeanza kugeuka, kitabu hakikuwa na jibu, mimi pia sikuwa nalo, na kusema sijui mbele ya darasa kulikuwa kunanishinda. Kwa hiyo nikafanya mzaha.

"Huyo," nikasema, "tutampeleka kwa Wakatoliki wamfanye padri. Wakimkataa, atakuwa mpishi wetu wa bweni."

Darasa likaangua kicheko. Kabla ya chakula cha mchana jina lake lilikuwa Fadha. Walimwita kwenye foleni ya mahindi na maharagwe: "Fadha, tubarikie hii githeri." "Fadha, maharagwe leo yako na wadudu, waombee wafu." Naye aliinua vidole viwili na kubariki sufuria, akacheka kicheko chake cha puani. Nilimwona kutoka mlango wa ofisi ya walimu, nikafurahi. Nilifikiri nimempa jina zuri.

Rafiki yake alitoka upande wa Chaka, ambako baridi ni kavu na watu hulima viazi na kufuga kondoo. Alikuwa mrefu, mpole, dhaifu katika hesabu. Walikaa dawati moja, na jioni kijana wangu alimfundisha hesabu kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao. Kila mtu aliona wanapendana kama marafiki wanavyopendana. Ni mimi tu, nadhani, niliyekumbuka lile swali nilipowaona, na nililifukuza kichwani kama mtu anavyofukuza kuku mlangoni.

Muhula wa tatu, mtihani ukikaribia, kiranja mmoja aliwakuta nyuma ya ghala la kuni. Walikuwa wameshikana mikono na wameegemezana vipaji vya nyuso. Hakuona zaidi ya hayo, na kwa haki yake hakudai kwamba aliona zaidi. Alimwambia mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu akamwambia mke wake, na kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani. Kamati ya shule ikaitwa kukutana Jumamosi iliyofuata.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye subira, aliyependa chai ya saa nne kuliko vita. Hakutaka kumpoteza mwanafunzi wake wa kwenda kidato cha tano. Aliniambia kamati ikiuliza, kila mtu ajibu alichoona na asiongeze neno. Wanaume wa nchi hii hushikana mikono wakienda sokoni, wakitoka kanisani, wakiwa wamelewa na wasipokuwa wamelewa, akasema, na hakuna kamati inayoweza kumfukuza mtu kwa hilo. Mimi, nikiulizwa, niseme kijana ana adabu na anasoma. Basi. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Ijumaa jioni kijana mwenyewe alikuja chumbani kwangu. Nilikuwa nimepanga nyuma ya bucha moja, na alinikuta nje nikianika shati. Hakukaribia. Alisimama mbali, sare yake imemkaa vizuri kama kawaida.

"Mwalimu, niko na ombi moja," akasema. "Kesho usinisemee."

"Mimi ndiye mutiiri wako."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Wengine wakisema, ni maneno. Wewe ukisema, itakuwa imesemwa." Aliniangalia, akaangalia shati linalodondosha maji. "Wacha nifanye mtihani. Nikimaliza nitaenda zangu, na hakuna mtu hapa atanisikia tena. Mtihani tu."

Nikamuuliza kama ni kweli.

"Leo ndiyo unauliza," akasema. "Siku ile nilikuuliza mimi, ukachekesha watu."

Nilimwambia aende akasome, nitaona la kufanya. Aliposikia hivyo alibaki amesimama kidogo, kana kwamba alitaka kunishika mkono nimwahidi. Kisha akaenda.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuweza kufanya kitu chepesi hivyo, kukaa kimya. Si kwamba nilimchukia. Nilimpenda, na nilikuwa nimeumia. Niliona nimelala naye kibanda kimoja, nimemfundisha kuwa mwanamume, na kazi yangu imeonekana mbovu mbele ya Mukurweini nzima. Na chini ya hapo kulikuwa na jambo jingine ambalo lilinichukua miaka kulitambua: nilitaka kuonekana mtu anayejua kuwajibika. Mtu mnyenyekevu. Nilijiona nimesimama, nimetubu kwa niaba yake, wazee wanatikisa kichwa kwa heshima, kondoo anachinjwa, na Jumatatu kijana yuko darasani akiwa safi. Niliipanga hotuba yangu kama mtu anayepanga harusi.

Kamati ilikaa katika darasa la kidato cha kwanza, wazee wamebanana kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamewafika kifuani. Mwenyekiti alikuwa mkulima mkubwa wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa mzaha. Mjane alikuwa amekaa pembeni karibu na dirisha, kitambaa kichwani, mikono yake imeota sugu kwa kazi ya kuchuma kahawa. Baba wa kijana wa Chaka hakuwa amefika. Njia ni ndefu, na pengine hakuambiwa vizuri anaitiwa nini. Vijana wawili walisimama mbele, kando ya ubao.

Kiranja alieleza. Kisha mwenyekiti akajikuna shingo.

"Kushikana mkono," akasema. "Mimi na huyu mzee hapa tumeshikana mkono tangu siku za imajensi, tukitoka kwa pombe, na bibi yake hajawahi kunishtaki."

Wakacheka. Mzee aliyetajwa akasema ni kwa sababu mke wake alifurahi kuona kuna mtu wa kumfikisha nyumbani, wakacheka zaidi. Nilimwona kijana wangu akishusha mabega. Mwalimu mkuu alikuwa tayari ameanza kuchukua miwani yake mezani. Kama mkutano ungefungwa wakati ule, wangechapwa viboko kwa kutoroka masomo ya jioni, na mambo yangeisha.

Mzee mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasema, kwa heshima tu, kwamba mutiiri wa kijana yuko hapa, na si vizuri kufunga neno bila kumsikia. Wote wakanigeukia. Mwalimu mkuu alinitazama. Kijana hakunitazama.

Nikasimama. Nilisema kwamba nawashukuru wazee kwa upole wao, lakini mimi siwezi kujificha nyuma ya upole huo. Nilisema, "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekaa naye kibandani, na kuna jambo sikumfundisha, ama nilimfundisha vibaya. Nipeni huyu kijana nimrudishe nyumbani mwezi mmoja nimfundishe upya. Nitatoa kondoo."

Nilikaa chini nikiwa na machozi, na nakiri kwamba machozi yale yalinipendeza.

Hakuna aliyetikisa kichwa. Walikuwa kama watu walioona kitu barabarani na hawataki kuwa wa kwanza kukitaja. Mwenyekiti ndiye aliyelazimika kukitaja, na hakuwa tena na sauti yake ya mzaha.

"Kwa hivyo iko," akasema.

Mwalimu mkuu aliirudisha miwani mezani.

"Mutiiri mwenyewe anasema iko. Ati afundishwe upya. Sisi tulikuwa tunasema ni mkono tu." Mwenyekiti akamgeukia mwalimu mkuu. "Sasa mwalimu, mimi nitaambia nini wazazi wa wale wengine?"

Mjane alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Nilianza kusimama tena, nikasema sikumaanisha hivyo, kwamba kwetu mutiiri akikiri jambo limefungwa. Yule mzee wa nyuma akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko tusi: "Hiyo ni nyumbani, mwalimu. Hapa ni shule ya kamati na kanisa. Hapa ukikiri, umekiri."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kijana wa Chaka alichapwa na kubakizwa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kwao wa kukiri chochote kwa niaba yake. Alifanya mtihani. Nilisikia baadaye kwamba alipata kazi ya ukarani katika ofisi fulani Nanyuki. Sijawahi kumwonea uchungu kwa hilo. Alisalimika kwa sababu hakuwa na mtu kama mimi.

Niliingia bwenini kijana wangu akifunga sanduku lake la bati. Wenzake walikuwa wametoka nje wote, wamesimama uwanjani wakijifanya wanatazama mpira. Nilimwambia nitazungumza na mwalimu mkuu, nitaenda mpaka kwa afisa wa elimu Nyeri. Alikuwa akikunja suruali yake ya pili, akaipanga, akaipanga tena.

"Nilikuomba kitu moja," akasema. Akashusha kifuniko cha sanduku.

Nilizungumza na mwalimu mkuu. Aliniuliza nani aliyelisema jambo lile mbele ya watu, mimi ama yeye, kisha akarudi kwenye chai yake. Nilikwenda Nyeri, nikakaa kwenye benchi la ofisi siku nzima, nikaambiwa shule za harambee zinaendeshwa na kamati zake. Shule nyingine mbili nilizoziendea zilikuwa zimeshasikia. Mtihani ulifanyika. Siku ya karatasi ya kwanza mimi ndiye niliyesimamia ukumbi, na dawati lake lilikuwa limeondolewa ili pasionekane pengo.

Kondoo nilimtoa hata hivyo. Nilimpeleka mwenyewe kwa mjane. Alinipokea, akanipa uji, akauliza hali ya mama yangu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta yule kondoo amefungwa kwenye lango letu, na rundo la majani mabichi mbele yake asije akapata njaa.

Nilifundisha pale miaka mingi zaidi, mpaka walimu wenye vyeti walipokuwa wa kutosha. Sura ya familia ilirudi kila mwaka, na picha ileile, na mbwa yuleyule. Nilisoma kilichoandikwa. Sikuongeza neno juu ya watu ambao hawakuwa kwenye picha ile, kwa sababu hakuna aliyeniagiza niongeze na mtihani haukuwauliza. Niliacha tu kufanya mzaha. Huo ndio mchango wangu wote. Siku hizi nawasikia redioni wakibishana kama watu kama yeye waingizwe shuleni na vitabuni, wanasema kana kwamba shule zetu zilikuwa hazina watu hao na sasa wanakuja na lori kutoka nje. Huwa naizima redio. Walikuwa ndani siku zote. Sisi ndio tuliowatoa, mmoja mmoja, na tulipowatoa tulikuwa na nyuso za huzuni. Na sisi hata neno la kuwaita hatukuwa nalo. Yeye alikuwa mwanafunzi anayejua hesabu, mwenye mama, mwenye mtihani mbele yake. Hakukuwa na kitu cha kumfundisha upya.

Nilimwona tena mara moja tu. Ilikuwa katika miaka ya themanini, siku ya soko Chaka, nilikokwenda kutafuta mbegu za viazi. Alikuwa amesimama kando ya mizani, koti zito, kofia ya sufu, akiwapimia wakulima magunia na kubishana nao kwa utulivu. Alikuwa mnunuzi, na ilionekana watu wanamwamini. Aliponiona alimaliza gunia alilokuwa nalo, akafuta mikono, akaja.

"Mwalimu," akasema. Akanisalimu kama kijana anavyomsalimu mutiiri wake, kikamilifu, na hilo lilinifanya nikose mahali pa kutazama. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Alikuwa amemzika, akasema, wazee wakamwacha asimame kaburini. Kicheko chake kilikuwa bado kinatokea puani, lakini kwa nadra.

Nilikuwa nimeitayarisha hotuba nyingine kwa miaka yote hiyo, na niliitoa palepale kati ya magunia. Nilimwambia anaweza kufanya mtihani kama mtahiniwa wa nje. Nitamlipia ada. Nitakuja kila Jumamosi nimfundishe, nitamtafutia vitabu. Aliniacha nimalize. Hakukasirika.

"Niko karibu miaka thelathini, mwalimu," akasema. "Nikifanya huo mtihani, nitafanya kwa sababu yangu. Sitaufanya ndiyo wewe upumzike."

Nikasema nimeelewa. Kwa mara hii nadhani nilikuwa nimeelewa.

Mkulima mmoja alimwita, naye akamwashiria angoje. Kisha akaniuliza kama bado nafundisha. Nikasema ndiyo, kidato cha nne.

"Basi kuna mwingine kwa darasa lako sasa hivi," akasema. "Ako tu hapo ameketi. Mtihani wake bado haujaharibika. Huyo ndiye wa kufikiria." Akarudi kwenye mizani. Aliniuzia mbegu kwa bei ya kila mtu na akamwambia kibarua anibebee hadi barabarani.

Jumatatu niliingia darasani. Wakasimama kunisalimu, nikawaambia wakae. Nilikuwa nimekusudia kufungua kitabu, lakini nilibaki nimesimama nikiwatazama mmoja baada ya mwingine, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikitafuta, na nyuso zote zilikuwa nyuso tu za vijana wenye usingizi na baridi. Sikuweza kumjua. Mwishowe msichana mmoja wa mbele akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu amefariki.

Nikamwambia hapana, bado.